Dhahabu ya ditekta: Anayeumwa kiuno ahesabu mara za kuinama

MSIMU wa tumbaku ukimalizika wilayani Chunya, mkoani Mbeya, wapo wakulima wanaoweka jembe pembeni na kugeukia dhahabu. Wilaya hiyo imo katika eneo la dhahabu la Lupa, lililoanza kuvuta wachimbaji miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya dhahabu yake ilitoka kwenye mchanga wa vijito na udongo wa juu.

Udongo wa namna hiyo ndio unaoifaa mashine ya kutafutia dhahabu, maarufu kama ditekta. Mtu anatembea, anapunga sahani ya mashine juu ya ardhi, anasikiliza mlio, kisha anachimba pale tu panapolia. Kwa mtu ambaye mgongo wake umechoshwa na miaka ya jembe, kazi hii inaonekana nafuu kuliko kushuka kwenye duara.

Ni nafuu kweli, lakini kwa masharti. Ditekta haichimbi. Kila inapolia, mwenye nayo lazima ainame, na kwa mgonjwa wa kiuno kila kuinama ni gharama kama ilivyo gharama ya betri au nauli. Asiyeiweka kwenye hesabu anaweza kupata gramu mbili wiki hii na kulala kitandani wiki mbili zinazofuata.

Milio mingi si dhahabu

Sahani ya ditekta hutuma nguvu za sumaku ardhini. Zikikutana na chuma, risasi, shaba au dhahabu, kitu hicho hurudisha alama, na mashine hulia. Misumari, vizibo vya soda, vipande vya bati na maganda ya risasi hulia pia. Udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma nao hupiga kelele kama mashine haikurekebishwa kulingana na ardhi ya mahali hapo.

Tuseme mtu amepata milio 40 kwa siku. Kila mlio unamtaka ainame mara tatu: kuchimba, kuchambua udongo na kufukia shimo. Hizo ni mara 120, na huenda milio yote 40 ikawa ya misumari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kiuno kibovu ni kupunguza mashimo ya bure.

Njia rahisi ni kufunga sumaku yenye nguvu kwenye ncha ya mpini wa sululu au kwenye fimbo ndefu. Mlio ukisikika, kwangua udongo wa juu kwa mguu, kisha pitisha sumaku ukiwa umesimama wima. Msumari utanasa wenyewe. Dhahabu hainaswi na sumaku, hivyo mlio ukiendelea baada ya hapo ndipo panapostahili kuchimbwa. Inafaa pia kukwepa mahali palipokuwa na kambi au maduka ya zamani, kwa kuwa takataka za chuma huwa nyingi huko.

Si lazima kuchimba kina kirefu. Mwaka 1980, katika jimbo la Victoria nchini Australia, ditekta iligundua kipande cha dhahabu kilichopewa jina la Hand of Faith, chenye uzito wa zaidi ya kilo 27. Kilikuwa chini kwa takriban sentimeta 30 tu. Bahati kama hiyo haitegemewi, lakini inaonyesha kuwa udongo wa juu nao una mali. Vipande vidogo ndivyo hasa hupatikana karibu na uso wa ardhi, kwa sababu vikizama zaidi mashine haivisikii.

Uzito wa mashine

Anayenunua au kukodi ditekta huuliza bei na kina inachofika. Mwenye mgongo mbovu aulize pia uzito. Mashine aina ya GPZ 7000 ya kampuni ya Minelab, iliyotoka mwaka 2015, ina zaidi ya kilo 3. GPX 6000 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2021, ina takriban kilo 2.1. Tofauti ya kilo moja dukani ni ndogo, lakini mkono ukishaipunga kutwa nzima ni kubwa.

Sahani pana husikia mbali zaidi, lakini huongeza uzito mbele ya fimbo, na uzito ulio mbali na mwili huvuta kiuno, kama ndoo iliyobebwa kwa mkono ulionyooshwa. Sahani ndogo ni nyepesi na husikia vizuri vipande vidogo. Kwa anayeumwa, ndiyo ya kuanzia.

Fimbo irefushwe mpaka mtu asimame wima bila kuinamisha mabega. Kiwiko kikae karibu na mbavu, na mapito ya sahani yawe mafupi. Mkanda wa mabegani wenye kamba ya mpira ya kuning'inizia mashine huuondolea mkono sehemu kubwa ya mzigo.

Wakati wa kuchimba, tumia sululu ya mpini mrefu, kisha piga goti moja badala ya kukunja kiuno. Usigeuze kiwiliwili huku umebeba udongo, geuza miguu. Kila baada ya nusu saa weka mashine chini, tembea kidogo, nywa maji.

Aliye na mwenzi anaweza kugawana kazi, mmoja apunge na mwingine achimbe. Mgawo wa mali uandikwe kabla ya mlio wa kwanza, si baada ya kipande kuonekana.

Dawa si kibali cha kufanya kazi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu, shirika hilo linashauri mazoezi na elimu ya kujitunza. Halishauri mikanda ya kubana kiuno kama tiba ya kawaida. Kulala kitandani siku nyingi nako hudhoofisha misuli.

Dawa za maumivu za dukani zikimezwa kila siku bila ushauri wa daktari zinaweza kuumiza tumbo na figo. Pia huficha maumivu, na mtu huendelea kuchimba palipostahili kusimama.

Ukiona mguu unalegea, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kushindwa kuzuilika, au maumivu yanayoambatana na homa au kukonda, acha kazi na uende hospitali siku hiyohiyo.

Leseni, soko na daftari

Huruhusiwi kuingia na ditekta popote. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania, na asiye nayo anahitaji makubaliano na mwenye nayo. Ofisi za Tume ya Madini hueleza utaratibu. Mwenye shamba naye ana haki yake, na shimo lisilofukiwa huvunja mguu wa ng'ombe.

Dhahabu iuzwe kwenye soko la madini. Masoko hayo yalianza Geita Machi 2019, na Chunya ikapata lake mwaka huohuo. Hapo muuzaji hupimiwa mali yake na mrabaha wa Serikali hukatwa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtafuta dhahabu aandike safu nne kila siku: mashimo aliyochimba, gramu alizopata, fedha alizotumia, na hali ya kiuno asubuhi iliyofuata. Baada ya mwezi mmoja safu ya nne itamwambia ni mashimo mangapi mwili wake unaweza kuyalipia kwa siku. Ikiwa ni 15, afunge mashine yakifika 15, hata kama jua bado liko juu.