Maji Yaburudishayo na Maneno Yaburudishayo

Mtu arudipo kutoka shambani saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, na vumbi la Nyasubi limemjaa kooni, akipewa maji ya mtungini hunywa, hushusha pumzi, husema, "Nimeburudika." Mwingereza angeyaita maji hayo "refreshing". Hapo lugha hizi mbili hazina ugomvi, na mwanafunzi aandikaye daftarini kwamba maana ya neno hilo ni kuburudisha hajakosa.

Lakini Waingereza hawalitumii kwa maji na upepo tu. Hulisema pia juu ya mtu, au hotuba, au jawabu. Tulipata kuhudhuria mkutano wa kijiji katika nchi hii ya machimbo ya dhahabu, ulioitishwa kwa shauri la fidia ya mashamba. Mzee mmoja alisimama akasema waziwazi kwamba shamba lake halikupimwa kwa haki. Mgeni akajibu kwa Kiingereza kwamba unyofu wa mzee yule ni "refreshing". Mkalimani, kijana mwenye elimu, akatafsiri, "Maneno ya mzee yamemburudisha mgeni." Watu wakanung'unika, naye mzee akauliza kama ameitwa pale kucheza ngoma. Mgeni alikuwa amemsifu, wala hakujua kwa nini nyuso zimebadilika.

Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, na kiini chake ni upya, kama upya wa mboga iliyochumwa asubuhi. Kwa hiyo Mwingereza aliyechoshwa na maneno yale yale ya kila siku, asikiapo lililo tofauti na lililo kweli, huona kama amefunguliwa dirisha. Tena ndani ya sifa hiyo mna lawama ya siri, kwamba waliotangulia kusema hawakuwa wanyofu.

Neno letu lina shina jingine. Lilitoka Kiarabu, nalo ni ndugu yake baridi. (Barafu si wa ukoo huo, huyo ametoka Kiajemi.) Kutoka ubaridi wa mwili likafika kwenye utulivu wa moyo, kisha likafika kwenye burudani, yaani ngoma, nyimbo na michezo. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Paulo mfungwa amwandikia Timotheo kwamba Onesiforo alimburudisha mara nyingi, wala hatudhani kwamba alimpigia zeze. Wasukuma nao, waamkiwapo, hujibu "mhola", yaani amani, na ndani ya neno hilo mna ubaridi pia. Basi ubaridi kwetu huzaa amani, hauzai upya.

Kwa hiyo twawaambia wanafunzi wetu waulize kwanza, "Msemaji amechoshwa na nini?" Ikiwa ni jua au kiu, kuburudisha kwatosha. Ikiwa ni kazi, na usingizi ndio uliomrudishia nguvu, waseme hivyo hivyo. Ikiwa ni uongo au maneno yaliyochakaa, waache kutafuta neno moja, wakitaje kilichomchosha.

Ndivyo alivyofanya mwalimu mmoja mkutanoni pale. Alisimama akasema, "Mgeni asema amechoka kusikia maneno ya kufichaficha, na leo amemsikia mtu asemaye kweli, moyo wake umekunjuka." Mzee akamtazama mgeni kwa kitambo, akaketi. Kisha wakarudi kwenye shauri la vipimo.