Kumdhibiti Mtu Bila Kumvunja

Mlinzi wa usiku mjini Sumbawanga hukabidhiwa rungu na tochi, basi. Akikutana na mlevi anayeleta fujo au kibaka aliyebanwa kwenye kona ya duka, atapiga, au atamtia kabali. Watu wakikusanyika, kipigo huweza kuendelea hadi mtu apoteze maisha. Ipo njia nyingine, na msingi wake ni somo la nyenzo tulilofundishwa sekondari: egemeo, jitihada na mzigo.

Wakulima wa uwanda wa juu wa Ufipa wanaolima kwa plau wanalijua somo hilo shambani. Anayemfunza maksai hashindani na shingo yake. Hushika ncha ya pembe, mbali kabisa na shingo, mkono wa pili puani, akageuza kichwa; kiwiliwili chote hufuata.

Mwili wa binadamu nao una nyenzo zake. Chukua mbinu ya kufunga bega ambayo wacheza judo huiita ude-garami. Kiwiko cha mtu kimekunjwa pembe mraba. Unashika kifundo cha mkono wake. Mkono wako wa pili unazunguka juu ya kiwiko chake na kushika kifundo chako mwenyewe. Kutoka kiwiko hadi kifundo, kwa mtu mzima, ni kama sentimita 25, na urefu huo ndio wenzo unaolizungusha bega. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10 pale kifundoni, unapata mzunguko uleule ambao ungekugharimu kilo 25 kama ungeshika sentimita 10 tu kutoka kiwikoni. Misuli yake inayopinga imejishikiza sentimita chache tu kutoka katikati ya kiungo, hivyo inalazimika kuvuta mara kadhaa ya nguvu yako.

Wengi hukosea hapa: wanashika mahali sahihi, kisha wanaacha nafasi kati ya kifua chao na bega la mtu. Egemeo likicheza, wenzo haufanyi kazi. Mbane kwanza, ondoa ulegevu wote, ndipo uzungushe kiwiliwili chako pamoja na miguu, maana mikono peke yake huchoka upesi. Sukuma kwa pembe mraba na mkono wake; ukivuta kimshazari, sehemu ya nguvu yako inapotea bure. Na kabla ya yote hayo, mwondolee mizani kwa kumvuta hatua moja mbele, kwa kuwa mtu anayetafuta pa kukanyaga hana nafasi ya kurusha ngumi. Baridi ya Juni na Julai husaidia kidogo: koti zito lina mkono mpana wa kushika, ingawa huficha kifundo.

Usitegemee maumivu. Mwaka 1951 huko Rio de Janeiro, Masahiko Kimura wa Japani alimfunga bega mpinzani wake, Helio Gracie, kwa mbinu hii. Gracie hakusalimu amri. Ni watu wa upande wake waliosimamisha pambano. Mlevi naye hatasalimu amri. Lengo ni kumfikisha mahali asipoweza kusimama wala kupiga, na kuishia hapo. Nyongeza ndogo tu baada ya hapo huchana kano au hutegua bega, na mchezo wenyewe unaitambua hatari hiyo: katika mashindano ya judo mshindwa hugonga ili aachiwe. Barabarani hakuna mwamuzi.

Shingo iache kabisa. Kabali hukata hewa na damu ya ubongo. Akishalala kifudifudi, usimkalie mgongoni wala kumwekea goti; George Floyd alifariki hivyo Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, baada ya kukandamizwa kwa zaidi ya dakika 9. Mgeuze ubavu mara anapotulia, msikilize anavyopumua.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema aliyekamatwa asizuiwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke, na raia aliyemkamata amkabidhi polisi bila kuchelewa. Naziomba kampuni za ulinzi na halmashauri zinazoendesha mafunzo ya mgambo Rukwa ziweke somo hili kwenye ratiba zao, lifundishwe na mwalimu wa judo aliyehitimu, kwenye mkeka, kabla mlinzi hajapewa rungu.