TWENDE SANJE: SAFARI YA SIKU MOJA NA AFYA YA FAMILIA



Katika familia zetu nyingi safari huwa na sababu tatu tu: msiba, harusi, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Ni mara chache baba, mama na watoto hupanda gari pamoja asubuhi, wakaenda mahali kutembea tu, wakarudi nyumbani jioni. Wengi husema hayo ni mambo ya wageni na ya wenye fedha. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kuonyesha kwamba sivyo. Siku moja ya matembezi, ikiandaliwa vizuri, ni sehemu ya kutunza afya kama ilivyo kuchemsha maji ya kunywa. Lakini tuseme pia ukweli: ikiandaliwa vibaya, siku hiyo hiyo inaweza kuishia kwenye kitanda cha zahanati. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujawaahidi watoto.

Tutachukua mfano wa mahali pamoja: maporomoko ya maji ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Msomaji aliye mbali na Morogoro asiache kusoma, kwa kuwa mengi yatakayosemwa yanafaa kwa msitu au mlima wowote ulio karibu naye.

UDZUNGWA NI MAHALI GANI?

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na imeenea katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Makao yake yapo Mang'ula, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Reli ya TAZARA nayo hupita Mang'ula. Hifadhi ya Mikumi huzungukwa kwa gari, lakini Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Ndani yake hakuna barabara za kuzungusha wageni. Mwenye gari la kifahari na mwenye viatu vya raba huingia kwa miguu ile ile.

Maporomoko ya Sanje huanguka kwa hatua, na yakijumlishwa yote hufikia mita 170 hivi. Kupanda, kupumzika na kushuka huchukua kiasi cha saa nne, na mnakuwa na mwongozaji. Wenye watoto wadogo au wazee wanaweza kuchagua njia fupi ya Prince Bernhard iliyo karibu na Mang'ula, ambayo haifiki saa moja.

Njiani mnaweza kumwona mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye duniani kote hupatikana katika milima hii na bonde la Kilombero tu. Yupo pia nyani wa aina ya pekee aitwaye kwa jina la Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Na vijito mtakavyovuka ndivyo vinavyoteremka kwenda kwenye mashamba ya mpunga na miwa ya bonde la Kilombero. Mtoto aliyeona maji yanakotoka haitaji mahubiri marefu kuhusu kutokata miti.

Familia nyingi za vijiji vya jirani ziliujua msitu huu kwa upande wa kuni. Akina mama waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka siku maalumu ya juma, mpaka ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2011. Ni haki watoto wao nao waingie msituni kama wageni, wala wasiwe watu wa kuuona kwa mbali tu wakati wengine wanatoka nchi za nje kuja kuutembelea.

FAIDA KWA MWILI NA AKILI

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na mtoto wa umri wa kwenda shule dakika 60 kwa siku. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Kutembea hushusha shinikizo la damu. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari iliyo katika damu na kuitumia, ndiyo maana wenye kisukari huhimizwa kutembea. Mifupa huimarika, usingizi huwa mzuri, na mawazo mazito hupungua. Kwa watoto ipo faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtoto anayekaa muda mwingi nje, mchana, hayuko katika hatari kubwa ya kupata tatizo la kutoona mbali. Macho yanayokesha kwenye simu na televisheni yanahitaji kutazama milima.

Hata hivyo tusidanganyane. Safari moja kwa mwaka haiponyi presha wala haipunguzi kitambi. Faida yake kubwa ni kuanzisha mazoea. Majuma mawili au matatu kabla ya safari, familia ianze kutembea nusu saa kila jioni ili miguu izoee. Wakirudi kutoka Sanje, wasiache.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Mlima si barabara ya lami. Watu wafuatao waulize ushauri kabla ya kupanda:

1. Mwenye shinikizo la damu ambalo halijatulia, mwenye ugonjwa wa moyo, au anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi.

2. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Kutembea kwa saa nne huweza kushusha sukari kupita kiasi. Asiondoke bila kula, na awe na sukari au soda ya kawaida mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, apewe kitu kitamu mara moja. Akague pia nyayo zake jioni, maana malengelenge madogo kwake huweza kuwa kidonda kikubwa.

3. Mwenye pumu. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake mwenyewe, isiachwe kwenye begi lililobaki garini.

4. Mama mjamzito. Njia fupi iliyo tambarare yaweza kumfaa. Mawe yenye utelezi hayamfai.

Mgonjwa asione haya kubaki chini. Kukaa kivulini na wajukuu ukisikiliza ndege nako ni matembezi.

MAANDALIZI

Majira: miezi ya Juni mpaka Oktoba ndiyo mizuri. Wakati wa masika njia huteleza na vijito hujaa.

Usafiri: hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko nyoka na chui wote wa msituni. Kikundi cha Utoto Mtakatifu kisisafirishwe kwa lori la wazi, wala watoto wasishonwe wanne kwenye kiti cha wawili. Ni afadhali kwenda wachache. Pangeni kuanza kupanda asubuhi na mapema, ili mrudi nyumbani kabla ya giza.

Fedha: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje. Ulizieni mapema viwango, malipo ya mwongozaji na namna ya kulipa, ili msibishane getini na watoto wamesimama juani. Jumuiya inaweza kuweka akiba kidogo kidogo kwa miezi sita.

Mavazi: suruali ndefu, soksi na viatu vilivyofungwa. Kandambili ziachwe nyumbani. Soksi zivutwe juu ya suruali, kwa kuwa siafu na kupe hupandia miguuni. Mikono mirefu husaidia dhidi ya upupu na mbung'o.

Maji: kila mtu abebe lita moja na nusu hivi za maji yaliyochemshwa. Maji ya kijito, hata yakiwa meupe kama kioo, yasinywewe. Kiongozi wa kikundi abebe pakiti za dawa ya kuharisha, yaani chumvichumvi. Zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi hufanya kazi hiyo.

Chakula: viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi na machungwa hustahimili joto. Wali wa nazi na nyama ya mchuzi vilivyopikwa usiku na kukaa begini mpaka saa nane mchana vimewalaza wengi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mabaki yote yarudi nanyi.

NJIANI

Mtu mzima mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho. Mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Watoto watembee wawili wawili, na kila mmoja ajue mwenzake ni nani. Wahesabuni kila mnapopumzika. Mtoto afundishwe nyumbani, kabla ya safari: ukiona umepotea, simama hapo hapo, usitafute njia, piga filimbi au ita. Anayesimama hupatikana mapema.

Msikilizeni mwongozaji. Tembo na nyati wamo katika milima hii, na yeye ndiye ajuaye dalili zao. Msilishe nyani wala tumbili. Mnyama aliyezoea kupewa ndizi siku nyingine atamnyang'anya mtoto na kumwuma. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mnyama aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa hicho kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Kwenye maporomoko, hatari ya kwanza ni mawe yenye ukungu. Hakuna kupanda juu ya ukingo kwa ajili ya picha. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye, na mtu yeyote asijirushe kichwa mbele. Kuhusu kichocho, kumbukeni kwamba konokono wake hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye majani. Kwa hiyo madimbwi na mifereji ya bondeni ndiyo ya kuepuka zaidi.

Nyuki wakiwavamia, funikeni uso na mwondoke mbali haraka, msiwapigepige. Miiba ikwanguliwe mara moja. Mtu akivimba uso au kupumua kwa shida, akimbizwe hospitali.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe na alazwe. Vua pete na bangili, funga kiungo kwenye kijiti kisichezecheze, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, kisha mbebe mpaka hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na usipoteze muda kwa jiwe jeusi. Dawa ya sumu ya nyoka iko hospitali tu.

Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Wazee watumie fimbo, wakanyage hatua fupi, na wasikimbizane na vijana.

WALIO MBALI NA UDZUNGWA

Walio Mwanza wanacho Kisiwa cha Saanane, ng'ambo kidogo tu kwa boti kutoka mjini, ambacho kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Arusha kuna hifadhi ya mlima Meru, ambako unaweza kutembea pamoja na askari wa wanyama pori. Wa Tanga wanao msitu wa Amani, na wa Lushoto wanao Magamba. Dar es Salaam kuna vilima vya Pugu. Ndugu zetu wa Nairobi wanao msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea usigawiwe viwanja. Na asiye na nauli anayo njia ya shambani iendayo mtoni. Hiyo haina kiingilio.

MKISHARUDI

Jioni hiyo kila mtu aoge na akaguliwe kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani. Kupe ashikwe karibu na ngozi na avutwe taratibu, asichomwe moto wala kupakwa mafuta ya taa.

Jambo la mwisho ndilo msilosahau. Mtu yeyote akipata homa katika majuma yanayofuata, asinunue dawa dukani kwa kukisia. Aende apimwe malaria. Ikiwa hana malaria na homa inaendelea, hasa kama ana kidonda au uvimbe mahali alipoumwa na mbung'o, amwambie mganga waziwazi: "Nilikuwa msituni." Ugonjwa wa malale bado upo nchini mwetu, ingawa ni nadra. Huonekana kwa kupima damu, na hutibika ukigunduliwa mapema. Wagonjwa wengine huchelewa kwa sababu hakuna aliyewauliza walikotembea, nao hawakusema.

Basi, katika mkutano ujao wa Jumuiya, pamoja na mengine, ulizaneni: ni mlima gani tunaouona kila siku na hatujawahi kuupanda na watoto wetu? Wekeni tarehe.