Paka Wako Amefura Kitambi? Usimnyime Dishi, Utammaliza

Wasee wa Lafey, hii ni yenu, na ya kila msee mwenye anaishi na paka mnono. Huko kwetu bisad hana mwenyewe mmoja. Asubuhi bucha anamrushia mafuta ya ngamia, mchana jirani anampa pasta na mchele, jioni wewe unamwekea maziwa. Kila mtu anadhani ni yeye pekee anamlisha. Mwaka ukiisha, jamaa hawezi hata kuruka ukuta.

Kitambi kwa paka si baraka. Kinaweza kumletea kisukari, viungo vikaanza kuuma, na joto la Mandera likamtesa zaidi. Shida ni kwamba watu wakishtuka wanamkatia dishi yote, ati afunge kama Ramadhani. Manze, hiyo ni noma.

Paka si kama sisi. Akikaa njaa siku mbili tatu, mwili unachukua mafuta yake na kuyamwaga kwa ini. Ini linashindwa kuyachoma, linajaa, linaanza kufeli. Macho na ufizi vinageuka manjano, na bila daktari anaenda. Na huyo mnono ndiye ako kwa hatari zaidi, juu ana mafuta mob.

Kwanza hakikisha ni unono kweli. Pitisha vidole kwa mbavu. Ukizisikia kwa urahisi, ako fiti. Ukilazimika kubonyeza ndiyo uzipate, amezidi. Lakini tumbo likiwa kubwa na mbavu zimetokea, hayo si mafuta. Inaweza kuwa minyoo, mimba ama ugonjwa. Usimpunguzie chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kama ni unono, fanya hivi:

1. Mpime. Mtie kwa katoni, omba mwenye duka mizani ya kupimia sukari, kisha toa uzito wa katoni. Rudia kila wiki mbili.

2. Ongea na majirani na bucha. Bila hiyo unapoteza time, juu atakula kwako kidogo na kwao tele.

3. Toa maziwa kwanza. Ya ngamia, ya mbuzi, yote. Maziwa ni chakula, si kinywaji, na paka wengi wakubwa yanawaharisha. Mwekee maji safi siku nzima.

4. Punguza pasta, mchele na anjera. Paka ni mla nyama. Mpe nyama isiyo na mafuta, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwake, kinaharibu damu. Nyama pekee haina kalsiamu ya kutosha, so ukipata chakula cha paka cha pakiti, hicho ndicho kiwe msingi. Badilisha mos mos kwa wiki moja au mbili.

5. Pima chakula chake cha siku, ukate kama sehemu moja kwa kumi. Gawanya mara tatu au nne. Akikataa kula siku nzima, rudisha chakula alichozoea. Bado akikataa, kimbia kwa daktari.

6. Mchezeshe dakika tano asubuhi na jioni, jua likiwa chini. Kamba tu inatosha.

Sasa hesabu. Paka apunguze kama asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, asizidi 2. Wa kilo 7 mwenye anafaa kuwa 5 anapoteza kama gramu 70 kwa wiki, so safari ni miezi saba, nane hivi. Akipoteza nusu kilo kwa wiki moja, usisherehekee. Ongeza chakula na umwonyeshe daktari. Hata kama huyo daktari amezoea ngamia na mbuzi, ini na minyoo anavijua.

Leo jioni, kabla umwekee ile sahani, pitisha vidole kwa mbavu zake.