Mabaharia wa Mto Kongo

Mto Kongo una urefu wa kilomita zipatazo 4,700, na kwa wingi wa maji duniani hutanguliwa na Amazon peke yake. Hata hivyo, hakuna chombo kinachoweza kuushuka wote hadi baharini. Maporomoko yameukata vipande, na kila kipande kina bandari zake, vyombo vyake na mabaharia wake.

Kipande cha chini huanzia Banana, penye mlango wa mto katika Bahari ya Atlantiki, na kuishia Matadi, kilomita 150 hivi kutoka pwani. Hii ni njia ya meli za baharini. Chini ya Boma mto hutawanyika katikati ya visiwa, na mafungu ya mchanga huhama mara kwa mara, kwa hiyo mkondo lazima uchimbwe na kina kipimwe upya. Nahodha aliyevuka bahari kuu hapa husikiliza maelekezo ya rubani wa mto, maana ramani ya mwaka jana inaweza kumkwamisha. Juu ya Boma mto hubanwa na vilima, na karibu na Matadi maji huzunguka kwa nguvu kwenye kona moja kali ambayo marubani huipita kwa tahadhari kubwa.

Baada ya Matadi kuna maporomoko ya Livingstone, yenye urefu wa kilomita 350 hivi, ambapo mto huteremka takriban mita 270. Katika karne ya 19, kila kitu kilichokwenda bara kilipita hapo vichwani mwa wapagazi, meli zikiwamo. Meli ya mvuke Peace ya wamisionari wa Kibaptisti iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande, ikabebwa hadi juu ya maporomoko na kuunganishwa upya; mwaka 1884 ilikuwa imeanza kusafiri. Reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ndiyo iliyowapumzisha wapagazi, ingawa ujenzi wenyewe uliua watu karibu 2,000 kwa hesabu rasmi.

Juu ya Kinshasa mto hufunguka. Kutoka hapo hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 bila poromoko hata moja. Bonde la Kongo liko pande zote mbili za ikweta, hivyo upande mmoja ukiwa kiangazini, mwingine hupata mvua, na mto haukauki kama mito mingine ya Afrika. Lakini maji mengi hayana maana ya kina kirefu. Mahali pengi mto una upana wa kilomita kadhaa na visiwa visivyohesabika, na njia ya chombo hukata kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mwandishi Joseph Conrad, aliyepanda mto huu mwaka 1890 katika meli ya mvuke Roi des Belges, alitumia karibu mwezi mzima kufika Kisangani, huku meli ikisimama kila mara kukata kuni za tanuri.

Siku hizi injini ni za dizeli, lakini kazi ya kuusoma mto haijabadilika sana. Boti moja husukuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja kwa kamba za chuma. Omoni husimama mabaharia wenye pondo, wakichovya na kutangaza kina, na nahodha shetrini hupunguza mwendo au kugeuza usukani kwa kuwasikiliza. Vibao vilivyowekwa ukingoni humwonyesha mahali pa kuvuka, kama havijaanguka. Zaidi ya hapo hutegemea macho: mikunjo ya maji huonyesha fungu la mchanga au gogo lililozama. Magugumaji, yaliyoenea mtoni tangu miaka ya 1950, huzonga mapangaboi.

Juu ya matishari huishi abiria pamoja na mizigo yao, kwa wiki mbili au zaidi, na msafara ukikwama huwa mwezi. Wanapika, wananyoana, wanauza dawa, wengine hujifungua humo humo. Wavuvi wa vijijini huja kwa mitumbwi, nao hawasubiri chombo kisimame. Hupiga makasia mpaka mbele ya msafara, kisha huuacha uwakaribie na kudaka ukingo wa tishari unapopita. Anayekosea hupinduka na bidhaa zake. Huleta samaki wa kukaushwa kwa moshi, mihogo na nyama ya porini, na huondoka na chumvi, sabuni, ndoana na nguo. Kwa vijiji vingi hilo ndilo soko pekee la maana, kwa kuwa kati ya Kinshasa na Kisangani hakuna barabara ya kutegemewa.

Maskini zaidi husafiri kwa balenieri, mashua za mbao zenye injini ndogo. Ajali nyingi zinazoua watu kwa makumi ni za mashua hizi, na sababu zake zinajulikana: kujaza kupita kiasi, kusafiri usiku bila taa, kukosa maboya ya kujiokolea. Serikali imepiga marufuku safari za usiku zaidi ya mara moja, lakini usimamizi ni dhaifu.

Lingala ndiyo lugha ya matishari, lakini Kisangani Kiswahili kipo gatini na sokoni. Kilifika kwa njia ya mashariki pamoja na misafara ya biashara kutoka Zanzibar. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Tippu Tip, alifanywa liwali wa eneo hilo mwaka 1887. Juu ya mji huo kuna maporomoko saba ya Boyoma, yanayozungukwa na reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 na ambayo leo haiaminiki. Kutoka Ubundu vyombo husafiri tena hadi Kindu. Mzigo unaotoka baharini kwenda Kindu kwa njia hii hupakuliwa na kupakiwa upya mara nne: Matadi, Kinshasa, Kisangani na Ubundu, na gharama ya kila mkono unaougusa huishia kwenye bei anayolipa mnunuzi wa mwisho.