Pampu ya Mbulu na Kalenda ya Mkopeshaji

Ukitaja mikopo ya wakulima wadogo, neno la kwanza kuja mdomoni ni riba. Nayo kweli ni kubwa. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na wapo akina kausha damu, wakopeshaji wa riba za kunyonya, wanaouruka bila haya. Lakini ukizitazama bustani za kabichi na vitunguu za Dongobesh na Bashay wilayani Mbulu, au za Endasak kule Hanang, utaona kwamba anayetafuta zana hakwamishwi na riba kwanza. Anakwamishwa na tarehe ya rejesho.

Tupige hesabu ya mfano. Mama mwenye nusu eka bondeni anataka pampu ndogo ya petroli na mipira yake, ili aachane na kumwagilia kwa ndoo. Tuseme anakopa shilingi 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ikikokotolewa juu ya mkopo wote. Riba ni 126,000, deni linafika 726,000. Likigawanywa kwa wiki 24, rejesho ni 30,250, na linaanza wiki inayofuata. Kabichi nayo ina ratiba yake: wiki nne hivi kitaluni, kisha kama kumi na mbili shambani ndipo ifunge. Siku mnunuzi anapoleta gari, wiki 16 zimekwisha na mama ameshatoa 484,000, theluthi mbili ya deni, bila kuuza hata kichwa kimoja. Fedha hiyo imetoka kwenye kuku, kwenye debe la mahindi ya kula, au kwa mkopeshaji mwingine. Sasa shusha riba hadi asilimia 9 kwa mwaka, kiwango ambacho benki kubwa zilianza kukitangaza kwa kilimo baada ya Benki Kuu kulegeza masharti mwaka 2021. Rejesho linakuwa 26,125. Nafuu ni shilingi 4,125 kwa wiki, lita moja ya petroli na chenji kidogo, na theluthi mbili bado zinadaiwa kabla ya mavuno.

Zana si mbolea. Mbolea huisha na msimu wake. Pampu inayotunzwa huvuka misimu kadhaa, kwa hiyo hakuna sababu iliyo wazi ya kulibana deni lake ndani ya zao moja. Mkopaji wetu angeweza kulipa riba tu kila mwezi, yaani shilingi 21,000, kisha akakata deni lenyewe kwa mafungu mawili katika mavuno mawili. Angelipa riba nyingi zaidi kwa jumla, hilo tusilifiche, ila deni lenyewe angelilipa kwa fedha ya kabichi. Wakopeshaji watajibu kwamba rejesho la kila wiki ndilo linalowaonyesha mapema nani anayumba. Hoja hiyo ina uzito kwa muuza vitumbua, anayeuza kila asubuhi. Kwa mkulima, rejesho la wiki ya tano linaonyesha tu kwamba ana mahali pengine pa kukopa. Afisa mikopo akitaka kujua hali ya deni, aende akaangalie kabichi.

Pingamizi zito zaidi ni hasara. Bei ya mboga huporomoka wote wanapovuna pamoja, lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, humla mkulima mchana kweupe, na maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yaliwakumbusha watu wa Katesh kwamba mali inaweza kupotea kwa siku moja. Hayo ni kweli, lakini kalenda ya wiki haimzuii mnunuzi kushusha bei, wala haizuii tope. Pampu angalau haiozi kama kabichi: inaweza kubaki mali ya mkopeshaji hadi deni liishe, kama EFTA, kampuni iliyoanzia Moshi, inavyofanya kwa mashine kubwa zaidi. Bomba la kupulizia dawa la lita 16 halifai kwa mpango huo, kwa sababu gharama ya kulifuata inaweza kuizidi thamani yake.

Zana ndogo za namna hiyo ni za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya wanakijiji wenyewe, na huko kikwazo ni mgao. Vikundi vingi huvunja mfuko wote Desemba na kuanza upya Januari na sanduku jepesi, hivyo hakuna mkopo unaoweza kuvuka mwaka, hata uwe mzuri vipi. Sehemu ya hisa ikiachwa bila kugawanywa, iwe fungu la zana, mkopo wa mavuno mawili unawezekana. Atakayesema halmashauri zina mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, hajakosea. Fedha hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na pampu moja ya kikundi huzaa swali ambalo fomu ya mkopo hailiulizi: Agosti, mashamba matano yanapokauka pamoja, nani anaanza kumwagilia, na petroli ni ya nani?