Mafuta ya Mbegu na Ngozi Yako

Leo tunazungumzia mafuta ya mbegu yanayosifiwa kwamba huirudishia ngozi ujana.

Ngozi hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Fikiria kitanda cha kamba: kamba zikikaza, kitanda huwa imara, zikilegea, hubonyea. Nyuzi hizo hutengenezwa na seli zilizo ndani ya ngozi. Umri unaposonga na jua linapotuchoma, kazi hiyo hupungua na mikunjo hutokea.

Huko India kuna mmea uitwao babchi. Mafuta ya mbegu zake yana kitu kiitwacho bakuchioli. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba bakuchioli huchochea seli za ngozi kutengeneza kolajeni, kama ifanyavyo retinoli, aina ya vitamini A inayotiwa katika krimu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 44 huko Marekani. Baadhi yao walipaka bakuchioli na wengine retinoli kwa wiki 12. Mikunjo na madoa yalipungua katika makundi yote mawili, ila waliopaka retinoli walibabuka na kuwashwa zaidi.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Krimu ile ilikuwa na bakuchioli kiasi cha nusu ya asilimia moja tu. Mafuta ghafi ya babchi ni kitu kingine. Yana pia soraleni, ambayo huifanya ngozi iungue upesi ikipigwa na jua. Ukiyapaka asubuhi kisha uende shambani au sokoni, unaweza kupata malengelenge na madoa meusi yanayokaa muda mrefu. Ulitafuta urembo, umepata jeraha.

Kwa hivyo usijipake mafuta hayo, wala usimpake mtoto. Kama umeshayapaka, yaoshe kwa maji na sabuni na ukae kivulini. Ukiona malengelenge, nenda kwenye kituo cha afya. Mama mjamzito asitumie krimu ya retinoli, na aulize kliniki kabla ya kutumia krimu nyingine ya mikunjo.

Je, utailindaje kolajeni yako kwa gharama ndogo? Jifunike kwa leso au kofia jua linapokuwa kali. Kula mapera, machungwa na mboga zisizopikwa kupita kiasi, kwa maana mwili huhitaji vitamini C ili kutengeneza kolajeni.

Mweleze na jirani yako. Hadi wiki ijayo, kwaheri.